Mchumia juani hulia kivulini, mbona wakata miti wanakula juani?

#1 Bibi Dodo
Wakuu habari. Nina swali la kijinga ila limenikaa kichwani toka juzi. Kwangu Tabata kuna mwembe dodo wa zamani, ulishaanza kulalia paa la jirani na waya wa umeme unapita katikati ya majani, basi tukaomba laini izimwe nikaita vijana wa kukata. Wakaja watano, chenso moja (ule msumeno wa injini), kamba mbili, mapanga. Kazi wamefanya safi sina neno.

Sasa saa saba wakapumzika kula. Jua la mwezi wa pili Dar mnalijua, mbwa mwenyewe alikuwa amejificha chini ya gari. Kivuli cha mwembe kipo, nusu ya mti bado haijaguswa, na mkeka nimewatandikia. Wote watano wakabeba sahani zao wakaenda kukaa kwenye ukuta wa jirani, juani, wanakula wali maharage huku jasho linadondokea kwenye sahani. Nikamwambia mkubwa wao baba si mkae hapa kwenye kivuli, akasema "asante mama, tuko sawa." Sawa gani na jua lile? Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini, hawa wanachumia kivulini wanalia juani. Anayejua anijuze.

#2 Kijana wa Getini
Mkeka ulikuwa na kunguni hahaha

#3 Dogo Chenso
Mama hilo swali lina jibu moja tu na mimi nafanya hii kazi mwaka wa nne. Ukikata matawi juu si yote yanafika chini, mengine yananasa kwenye panda huko juu, sisi tunaita popo maana linaning'inia kichwa chini. Unaweza usilione kabisa kutokana na majani. Linakaa hapo saa nzima limetulia, kaupepo kadogo tu au mtu akivuta kamba upande wa pili, linashuka. Sasa wewe uko chini na kijiko mdomoni. Ndio maana mti ulioanzwa hakai mtu mpaka uishe. Wala sio imani, ni popo.

#4 Opareta 070
Dogo unasema kweli ila hiyo ni nusu. Sababu kubwa ni usingizi. Mtu ametoka juu, miguu inatetemeka, kashiba wali, unampeleka kwenye kivuli na mkeka? Huyo humuamshi mpaka alasiri. Na akiamka mwili umepoa, ukimrudisha juu anapanda kama mgonjwa. Mimi nikiwa na timu nawaweka juani makusudi, dakika 20 kila mtu mwenyewe anaomba turudi kazini, maana huko juu ndani ya majani ndiko kwenye kivuli. Mama hiyo ni menejimenti tu.

#5 Kijana wa Getini
Bosi wa dizaini hii ndio wanaokufa kuzikwa na watu wanne

#6 Opareta 070
@Kijana wa Getini watanizika haohao niliowaweka juani, na chakula cha matanga watalia hapohapo kwenye kivuli 😂

#7 Mjukuu wa Mkwezi
Mimi natoka Pangani, babu alikuwa mkwezi wa minazi. Kwetu huu mjadala haupo kabisa, chini ya mnazi hakai mtu mwenye akili timamu, awe mkwezi awe mpita njia. Dafu linaanguka, kuti kavu linaanguka, na kuti watu wanalidharau lakini kile kikonyo chake kikikupiga begani unashonwa. Babu alikuwa akishuka anakaa mbali, anageuza uso anautazama mnazi aliotoka kuukwea. Nilimuuliza mbona unaukodolea macho akasema "nataka nao unione."

Mpaka leo sijui alimaanisha nini. Na yeye hakuwa na kamba ya kiunoni wala nini, kitanzi cha miguuni na vidato vilivyochongwa kwenye shina basi, panga limechomekwa nyuma.

#8 Pwani Fresh
Hapa mnatafuta uchawi bure. Ni majimoto. Wale siafu wekundu wa juu ya miti wanaoshona majani yanakuwa kama mfuko. Ukikata tawi lenye kiota hawafi, wanamwagika chini wamekasirika, kivulini ndiko wanakotembea. Aliyewahi kuingiwa na majimoto ndani ya suruali atanielewa.

#9 Mchuma Karafuu
Pwani Fresh umesema, ila sahihisho dogo, majimoto si siafu. Siafu anatembea chini kwa msafara usiku na mchana, majimoto makao yake mtini na jani analishona kwa nyuzi zinazotoka kwa watoto wake, wanawashika vile viluwiluwi wanawapitisha huku na huku kama sindano. Sisi Pemba kwenye mikarafuu tunawajua kwa jina na kwa tabia. Mchumaji anapanda na majivu mfukoni. Ila siye twala chini ya mkarafuu hapohapo, tena twapiga na soga, kwa hiyo mie sikubaliani kuwa ndiyo sababu.

#10 Dogo Chenso
@Mchuma Karafuu nyie mnachuma, hamkati. Mti wenu hauna kinyongo

#11 Mzee wa Kamba
Salaam. Nimesoma yote, nitasema langu, nimekuwa mshika kamba toka enzi za kamba ya katani, hizi za nailoni zimekuja tupo.

Kamba ya katani kwanza niwaambie vijana, ilikuwa inakuambia. Ikitaka kukatika inatoa vinyweleo, unasikia kwenye kiganja inakukwaruza tofauti. Hii ya nailoni inateleza tu inacheka na wewe halafu siku moja imekuunguza mkono mpaka ngozi inabaki kwenye kamba. Haya turudi.

Mwaka ule tulikuwa tunakata mkrismasi, ule mti wa maua mekundu, sitasema wapi, nyumba ya mtu mkubwa. Tulikuwa wanne. Upande mmoja tu ndio tulikuwa tumepunguza, upande wa pili hatukuugusa kabisa, hata kamba haikupita huko, kwa hiyo popo wa dogo hapa hayumo. Saa nane mchana. Upepo hakuna, na nasema hakuna maana yake nguo za kwenye kamba za yule mama wa jikoni zilikuwa zimening'inia wima kama zimepigwa pasi. Tumekaa chini ya ule upande ambao haujaguswa. Mwenzetu mmoja tulikuwa tunamwita Gavana kwa sababu ya kitambi, akanyanyuka kwenda kuongeza mchuzi. Amepiga hatua kama nne. Tukasikia kitu kama mtu anapasua kitenge kipya, hivi, praaa, sio kishindo, kama kitambaa. Tawi nene kama paja limekaa pale alipokuwa amekaa Gavana. Sahani yake ya bati tuliitoa chini ya tawi imekunjika kama sambusa.

Hakuna aliyesema kitu. Gavana amesimama na upawa mkononi. Baadaye ndio akasema "na nyama nilikuwa sijaila."

Tulilitazama lile tawi. Halina mchwa, halikuoza, ndani bichi jeupe linatoa maji. Kutoka siku hiyo mimi chini ya mti wa kazi sikai, uwe umeguswa usiwe umeguswa. Sababu siijui. Gavana kitambi kilimuokoa, na alikuja kukiringia sana.

#12 Kijana wa Getini
Dah. Nimecheka halafu nimeacha kucheka

#13 Bibi Dodo
Jamani Mzee wa Kamba umenitia baridi, wajukuu zangu wanacheza pale chini kila siku 😳 tawi bichi linaangukaje bila upepo?

#14 Fundi Bomba Ila Najua
Hakuna tawi linaanguka bila sababu, lazima mlilitikisa mlipokata upande wa pili, uzito ukahamia. Fizikia ya fomu 2 hiyo

#15 Mzee wa Kamba
Fundi Bomba tulikuwa tumemaliza kukata saa nne na nusu. Lilingoja saa tatu na nusu zima, likamngojea na Gavana anyanyuke. Fizikia yako ina adabu sana.

#16 Bwana Misitu Mstaafu
Nimefanya kazi ya misitu miaka mingi kabla ya kustaafu, naomba niongeze mawili matatu.

Kwanza mkrismasi asili yake Madagaska, unakua haraka, mbao yake nyepesi na dhaifu, unapanuka kama mwavuli matawi yake marefu yanalala. Tawi refu lililolala ni sawa na mtu kunyoosha mkono ameshika ndoo. Kuna nyufa za ndani huzioni kwa nje. Pili angalieni panda. Panda yenye umbo la U ni imara, ile yenye umbo la V iliyobana, gome linaingia katikati, mbao haishikani na mbao, mnaona kama mti mmoja kumbe ni miti miwili iliyosimama imebanana. Tatu, na hili ndilo linaniuma, mti uliowahi kukatwa kichwa. Watu mjini wanapenda kukata mti wote kichwa kama mtu anayenyolewa kipara, mwaka wa pili unatoa machipukizi marefu yamejishikiza juujuu tu kwenye gome la kisiki, yakinenepa yana uzito lakini hayana mizizi ndani ya mbao. Hayo ndiyo yanaanguka.

Bibi Dodo, vijana wako walikata staili gani? Kichwa au walipunguza?

#17 Bibi Dodo
Bwana Misitu walipunguza. Kila tawi kubwa walikata kwanza chini kidogo halafu juu mbele yake, likaanguka, halafu ndio wakarudi kukata kile kibaki karibu na shina. Nilidhani wanarefusha kazi ili walipwe zaidi. Na vidonda nimevipaka oili chafu.

#18 Bwana Misitu Mstaafu
Hao wanajua kazi, kata ile ya chini inazuia tawi lisichane gome mpaka kwenye shina. Ukiwapata tena usiwaachie. Ila oili chafu acha. Kuna Mmarekani mmoja marehemu, Alex Shigo, alipasua maelfu ya miti kwa chenso kwa urefu wake ili atazame ndani vidonda vinakuwaje, akaonyesha kwamba mti haufungi kidonda kama ngozi yetu, unajenga kuta kuzunguka sehemu mbovu na kuendelea kukua nje yake. Rangi, lami, oili haimsaidii kitu. Muhimu ni kutokata ile shingo ya tawi, kile kivimbe pale linapotokea kwenye shina.

#19 Opareta 070
Bwana Misitu mteja akiona hujapaka kitu anasema hujamaliza. Mimi nabeba kakopo ka oili kwa ajili ya mteja sio kwa ajili ya mti

#20 Msukuma Matawi
Habari toka Leicester. Nafanya kazi hii Uingereza mwaka wa sita, naanzia chini kukusanya na kulisha ile mashine ya kusaga matawi, sasa hivi napanda. Hilo la Mzee wa Kamba huku lipo na lina jina lake rasmi, tawi kudondoka wakati wa kiangazi. Mchana wa joto, hakuna upepo, tawi bichi zima, praa. Mialoni inafanya, mikaratusi ndio usiseme. Na wataalamu wenyewe wamegawanyika. Wengine wanasema joto likizidi jani linashindwa kutoa maji hewani, tawi linajaa maji linakuwa zito. Wengine wanasema joto linalegeza mbao yenyewe. Wengine wanasema ni zile nyufa za ndani alizosema Bwana Misitu, joto linamalizia tu. Nimesikia kama nadharia tano na bosi wangu ana ya sita ambayo hawezi kuisema mbele ya watoto.

Ila huku kula ni ndani ya gari, mvua inanyesha. Hakuna cha kivuli wala jua 😂

#21 Dogo Chenso
Msukuma kaka ni kweli mnavaa suruali ambazo chenso haikati?

#22 Msukuma Matawi
Inakata ila haifiki. Ndani zimejazwa nyuzi ndefu, mnyororo ukigusa unazivuta zote zinaenda kujisokota kwenye gia, chenso inazima yenyewe kabla haijafika nyama. Nimeona kwa jamaa yangu, paja lilibaki na mchubuko, suruali ikawa kama godoro lililoraruliwa na paka. Alikaa chini akacheka nusu saa, macho yanatoka machozi, tukamnunulia chai kila mtu kikombe chake, vikombe vitano mbele yake. Ukiwa na helmeti, miwani na vya masikio unakuwa kama unaenda mwezini, ndugu zangu wakiona picha wanauliza una cheo gani.

#23 Opareta 070
Sisi suruali ni jinzi na sala

#24 Mtu wa Kabete
Niaje wadau wa TZ. Hapa Kenya hiyo mashine tunaita pawa so, chenso mmeitoa wapi bana. Mimi nilikuwa kwa hii biashara hadi serikali ikapiga marufuku ukataji wa misitu 2018, hiyo marufuku ikakaa mpaka 2023, ikabidi nishike kazi za miti ya mtaani na mabulugamu ya watu, nyinyi mnaita mikaratusi. Sasa kuhusu kukula chini ya mti, kwetu inategemea mti. Bulugamu hatukai, iko na tabia mbaya hiyo kitu. Mugumo nayo, ule mti mtakatifu wa Wakikuyu, hatukai kwa sababu ingine kabisa, hiyo ni ya wazee, hata kuikata ni shida. Mnakumbuka ile ya Waiyaki Way, Westlands, Nairobi, barabara ya juu ilikuwa inapita hapo, watu wakapiga kelele, Novemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri usiguswe. Uko pale mpaka leo. Niliitwa siku moja kaunti jirani kukata mugumo kwa shamba ya mtu, nikafika na vijana wangu wanne, nikageuka kuwasha mashine, nikabaki na mmoja. Huyo mmoja alikuwa amelala kwa pikapu.

#25 Mjukuu wa Mkwezi
Hahaha huyo wa pikapu ndiye bingwa

#26 Pwani Fresh
Sasa hapo tumerudi kwa babu wa Pangani, "nataka nao unione." Mti una mwenyewe. Unamkata mtu mkono halafu unaenda kukaa miguuni kwake unakula wali? Hata mie nisingekaa. Ni heshima tu.

#27 Fundi Bomba Ila Najua
Pwani Fresh si ulisema ni majimoto?

#28 Pwani Fresh
Majimoto na heshima. Vinakaa pamoja.

#29 Dogo Chenso
Nje ya mada kidogo, Opareta unachanganya oili ya tu-stroku kiasi gani? Mimi lita 5 za petroli naweka mililita 100, mwenzangu anasema nitaua injini

#30 Opareta 070
070 yangu ni chenso ya kizamani naiwekea 200, inafuka kama treni ya makaa lakini inaniamkia. Hiyo ndogo yako kama oili ni nzuri na kitabu kimesema hamsini kwa moja basi 100 iko sawa. Usiweke kwa macho tu kama chumvi.

#31 Kijana wa Getini
Na malipo vipi, wa juu na wa chini mnagawanaje? Nauliza kwa ajili ya rafiki

#32 Dogo Chenso
Kwetu wa juu elfu 50, mshika kamba 30, wa kukusanya 20. Na kila siku kuna ugomvi hapo

#33 Mzee wa Kamba
Na huo ugomvi ni wa haki. Wa juu anaonekana, mteja anampiga picha. Lakini pumzi ya wa juu iko kwenye viganja vya wa chini. Nimeshika mtu dakika 40 na mkono mmoja umekufa ganzi kwa sababu nyuki walitokea kwenye tundu hakujua wako wapi, mimi nawaona yeye hawaoni, nikimshusha haraka anapiga paa, nikimshusha polepole wanamla. Nikamshusha kati na kati. Aliumwa kama thelathini hivi. Alivyofika chini akanitukana matusi ambayo sijawahi kuyasikia hata bandarini, halafu jioni akanipa 10 kwenye 50 yake bila kusema kitu. Mpaka leo siku ya Idi analeta biriani kwangu.

#34 Mtu wa Kabete
Mzee wewe uandike kitabu

#35 Mama Ntilie Buguruni
Mimi ndio nawauzia chakula hawa watu miaka yote, kundi la kwangu ni lile linalopaki karibu na reli. Niwape siri yao. Hawakai kivulini kwa sababu ya utomvu wa mwembe. Mikono na nguo zinakuwa zimelowa, na utomvu ule ukikaa kwenye ngozi unababua, nyie si mlikula embe bichi utotoni midomo ikatoka vidonda? Wanakaa juani ukauke ubanduke, wakikaa kivulini unanata na mchanga na nzi. Wananiomba mafuta ya taa ya kujifutia kabla hawajaomba maji ya kunawa. Nyie endeleeni na mizimu yenu.

#36 Mchuma Karafuu
Hili la mama lina uzito. Karafuu haina utomvu wa kubabua, ndiyo maana siye twakaa.

#37 Dogo Chenso
Mama Ntilie si kweli, jana tumekata mwashoki hauna utomvu wa hivyo na tumekula juani vilevile

#38 Mama Ntilie Buguruni
Mwashoki una kivuli gani wewe, mti kama mwiko! 😂 Na deni lako la Alhamisi nalikumbuka, chapati 3.

#39 Dogo Chenso
😶

#40 Bibi Dodo
Wakuu nimerudi. Vijana walikuja leo kumalizia na kubeba magogo, nikasema ngoja niulize kwa mdomo wangu. Nimemuuliza yule wa kukusanya, akasema yeye anakaa anapokaa mshika kamba. Mshika kamba akasema anakaa anapokaa fundi wa juu. Fundi wa juu akasema alifundishwa na mkubwa wao alimkuta anakaa juani. Nikamfuata mkubwa wao. Kafikiri kidogo, kasema yeye alianza kazi kwa mzee mmoja wa Kisarawe, sasa marehemu, ambaye alikuwa akila anageuzia mti mgongo, hataki kabisa kuutazama, na ukimuuliza anakurushia mfupa.

Leo pia nilitandika mkeka. Wamekula ukutani.

#41 Mjukuu wa Mkwezi
Anageuzia mgongo? Babu yangu alikuwa anautazama. Sasa hapo nani sahihi

#42 Mzee wa Kamba
Bibi Dodo, wajukuu walikuwa wapi?

#43 Bibi Dodo
Walikuwa ukutani na wao, wamebanana katikati ya mafundi na vijiko. Mkeka amelala mbwa.

#44 Kijana wa Getini
Namba ya hao vijana tafadhali, nina miashoki mitatu na bosi wangu hataki kulipa zaidi ya laki